Namba Mbili za Yaya Geneviève

"Mama, deni leo imepanda tena elfu tano," karani wa hospitali alisema bila kuinua kichwa. "Jana ilikuwa elfu mia tatu makumi munane. Leo mia tatu makumi munane na tano."

Albertine alikuwa amevuka Lualaba kutoka Alunguli kwa mtumbwi wa asubuhi, franka elfu moja kuja na elfu moja nyingine ya kurudi. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa elfu kumi na mbili, akaziweka juu ya meza ya dirishani. Karani alizitazama, kisha akazisukuma kwa ncha ya kalamu zikamrudia.

"Tunapokea nusu ama yote. Hizi upeleke kwa mutoto wako, akule."

"Feza yote iko, mwanangu. Iko mu simu."

"Basi utoe."

"Kode njo inakosa."

Sasa karani aliinua kichwa. Akamgeukia mwenzake aliyekuwa akila karanga. "Unasikia huyu mama? Feza iko, kode njo inakosa. Mie pia nyumba yangu iko, matofali njo inakosa." Wakacheka wote wawili, na mtu aliyesimama nyuma ya Albertine akacheka nao, ingawa yeye mwenyewe alikuja kuomba apunguziwe.

Nyuma ya wodi ya wazazi palikuwa na baraza la bati. Hapo ndipo walipowekwa wanawake waliopona lakini hawajalipa. Siku hiyo walikuwa saba. Nyuzi za upasuaji zilikwisha kutolewa, vitanda vyao wakapewa wengine, na mlinzi wa lango aliwajua mmoja mmoja kwa sura. Asubuhi walifagia wodi, mchana walinyonyesha. Princesse, binti wa Albertine, alikuwa hapo kwenye mkeka na mtoto wa kiume wa siku kumi na mbili ambaye hajapewa jina, kwa sababu jina hutolewa nyumbani. Baba wa mtoto, Yannick, alikwenda Punia kuchimba mawe ya madini tangu mimba ya miezi minne. Habari yake ya mwisho ilikuwa kwamba kule mvua ni nyingi.

"Baba amesema nini?" Princesse aliuliza.

"Baba yako usimuhesabu kwanza."

"Auzishe kinga yake."

"Baiskeli ni yake, Princesse."

"Na feza ni yako. Lakini iko wapi?"

Albertine alifungua tena lile fundo. Alimpa elfu kumi na moja, akabaki na nauli ya mtumbwi, akatoka. Langoni mlinzi alimfungulia kitenge alichokibeba kwapani, akakikung'uta, kuhakikisha hamna mtoto ndani.

Hapa sharti niseme habari za ile kode, namba ya siri ya kutolea pesa za simu, maana hata wewe utacheka kama karani, na mimi sipendi mtu acheke kabla hajajua.

Wanawake ishirini na watano wa Alunguli, wauza mchele, mawese na kwanga, ile mikate ya muhogo, walikuwa na sanduku lao la akiba. Sanduku la mbao, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu: Albertine, Sifa, na Geneviève, ambaye wote walimwita Yaya kwa sababu aliwatangulia kuzaliwa. Halikufunguka mpaka watatu wakae pamoja. Miaka tisa haikupotea hata senti.

Mwaka jana ukaja mradi. Mradi ulikuwa na kijana mmoja anaitwa Didier, mwenye kizibao cha kung'aa, mwenye maneno matamu. Alisema mwanamke wa leo lazima awe na akaunti yake. Alisema sanduku ni mambo ya zamani: mwizi anaweza kubeba sanduku, lakini nani atabeba hewa? Akawapa simu kubwa ya kioo. Akawapiga picha wakiwa wameinua mikono, na Geneviève katikati akiishika ile simu kama sahani ya moto.

Tatizo lilikuwa dogo tu, alisema Didier. Namba ya simu lazima iandikishwe kwa kadi ya kupigia kura. Kadi ya Geneviève iliungua pamoja na jiko lake. Sifa hakuwahi kuwa nayo. Ya Albertine ilikaa kifuani miaka kadhaa, jasho na maji ya mto vikaifuta mpaka ikawa nyeupe. Kadi safi ilikuwa ya Godefroid, bwana wa Albertine, fundi wa baiskeli, aliyeihifadhi ndani ya plastiki. Basi akaunti ya wanawake ishirini na watano ikaandikwa Godefroid. Kwenye ripoti yake Didier aliandika wanawake ishirini na watano. Kazi yake ikaisha, akarudi Kinshasa, na namba yake ukiipiga leo haipatikani.

Albertine hakutaka. Yeye alimjua bwana wake. Kuna mwaka alimpa pesa za magunia manne ya mchele akanunue matairi Kisangani, naye akarudi na koti la kijivu na redio. Ndiyo maana wanawake walimweka Godefroid mbele ya kikao, akaapa kwamba hataiuliza kode wala hataigusa simu. Wakampa kuku wa shukrani.

"Kode ni namba ine," Didier alikuwa amewafundisha. "Ni siri ya muntu mumoja. Usimwambie mutu."

Alipopanda mtumbwi kurudi mjini, wanawake walibaki wanatazamana. Ni Geneviève aliyesema: "Siri ya muntu mumoja ni mwizi anayengoja siku yake."

Hawa watatu walikuwa na sababu. Mwaka elfu mbili na mbili mji ulizungukwa. Wenye bunduki huku, wenye bunduki kule porini, na watu wakifa njaa huku mihogo yao inaoza shambani, mwendo wa saa mbili tu. Watatu hawa walikwenda hata hivyo. Walinunua mawese kwa siri, wakauza, na pesa waliigawa mara tatu kabla ya kurudi: Geneviève katika nywele alizosuka, Albertine ndani ya kwanga, Sifa katika kitambaa cha mtoto mgongoni. Wakimkamata mmoja, wawili wapite. Siku moja kwenye kizuizi walimkamata Sifa. Walichukua pesa, na hawakuchukua pesa peke yake. Alirudi siku ya tatu, hasemi. Wenzake wawili walimlisha yeye na mtoto wake miezi minne kwa yale mafungu mawili yaliyopita. Tangu hapo ukiwaambia wanawake hawa kwamba kitu cha maana kikae mkononi mwa mtu mmoja, wanakuona hujawahi kuishi.

Kwa hiyo kode waliigawa kama funguo. Namba ya kwanza ya Albertine, ya pili ya Sifa, na mbili za mwisho za Geneviève, kwa sababu yeye ni mkubwa. Siku ya kutoa pesa, kila mmoja aliingiza simu chini ya kitenge, akabonyeza yake, ikageuka kitone cheusi, akampa mwenzake. Wengine walitazama mtoni. Wakati mwingine mtandao ulikatika katikati, wakaanza upya huku wanacheka.

Halafu Geneviève akaugua homa siku tatu, ya nne akazikwa. Hakuna aliyefikiri habari ya namba. Nani humuuliza maiti namba? Siku ya kumi na saba ya kilio Princesse alishikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka, wakampasua. Na ndani ya simu zilikuwamo franka milioni tatu na laki nne, na katika hizo laki tano na elfu ishirini ni za Albertine.

Jioni ya siku ile karani alipomcheka, Albertine na Sifa walikwenda nyumbani kwa marehemu. Sifa alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na alitembea mbele. Nathalie, binti wa Geneviève, aliwapa viti.

"Mama yako hakuacha alama yoyote?" Albertine aliuliza. "Karatasi, kitu?"

"Mama yangu hakujua kuandika hata jina yake, Mama Princesse. Munajua."

"Na mule kashani mwake?"

Kasha la bati la nguo za marehemu lilikuwa ndani, na shangazi wawili, dada za bwana wake, walikuwa wamelikalia tangu siku ya mazishi, maana nguo za marehemu hazifunguliwi mpaka siku ya arobaini, ndipo zinagawiwa. Shangazi mkubwa alisikia kutoka ndani akatoka.

"Bado siku kumi na moja," alisema, "na wanamuke wa soko wameshafika kufungua kasha ya maiti. Munatafuta kode ama munatafuta kitenge cha waksi?"

"Shemeji, mutoto wangu amefungiwa hospitali."

"Wote wana mutoto aliyefungiwa. Muko na haya kweli? Mutu hajaoza bado."

Nathalie aliinamisha kichwa. Sifa aliinuka, akamshika Albertine mkono. Njiani alisema maneno mawili tu: "Waksi yake." Walicheka kidogo, kicheko kibaya, maana waksi ni kitenge cha bei, na Geneviève alikuwa na vitenge vitatu vyote vimepauka.

Kesho yake mchana walijifungia kwa Sifa. Simu iliwekwa juu ya mkeka. Albertine akabonyeza yake, Sifa akabonyeza yake, vitone viwili vikakaa vinangoja wenzao.

"Angechagua nini?" Albertine aliuliza. "Wewe ulilala naye kitanda kimoja mu vita."

Sifa alifikiri sana. "Mwaka ule. Zero, mbili."

Walibonyeza. Vitone vinne vikatikisika, maandishi mekundu yakatokea. Sifa, aliyesoma mpaka darasa la tano, aliyafuatisha kwa kidole. Bado mara mbili.

"Watoto aliozaa," Albertine alisema. "Kumi na mumoja."

Vitone vikatikisika tena. Bado mara moja.

Sifa aliifunika simu kwa kiganja. "Tuache. Twende ofisini, tuwaelezee."

"Ofisini watamuita Baba Princesse."

"Wamuite."

"Sifa, ukimpatia huyu mubwana ile namba, umemaliza kazi yetu yote. Mie nalala naye nyumba moja, mie njo namujua." Albertine alikuwa akihesabu mengine moyoni: elfu tano ya leo, elfu tano ya kesho, mchele hauuzwi kwa sababu yuko hospitali kila siku, na mtoto hana jina. "Watoto walio hai. Aliwazika ine. Wanabaki saba. Mama anahesabu walio hai."

"Usibonyeze."

Alibonyeza. Zero, saba. Safari hii vitone havikutikisika. Vilipotea, na maandishi marefu yakajaza kioo. Sifa hakuyasoma kwa sauti. Haikuwa lazima.

Ofisi ya huduma ya pesa za simu ilikuwa mjini, karibu na posta, na ndani yake baridi ya mashine. Msichana wa kaunta, jina lake Nicole limeandikwa kifuani, aliwasikiliza vizuri. Nasema kweli, hakuwa mtu mbaya. Aliandika namba kwenye kompyuta yake, akasoma.

"Akaunti imefungwa, mama, lakini inafunguka. Mwenye namba aje na karte yake, atapewa kode mupya. Dakika tano." Akasoma jina. "Huyu Godefroid ni nani kwako?"

"Bwana yangu."

"Basi jambo rahisi. Papa aje."

"Lakini feza si yake, binti yangu. Ni ya wanamuke makumi mbili na watano. Hata huyu hapa ni mumoja wao."

Nicole alitazama tena kompyuta, kwa nia njema kabisa. "Hapa sioni wanamuke, mama. Namuona Godefroid."

Albertine alitoa kadi yake mwenyewe kifuani, akaiweka kaunta. Msichana aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mahali pa picha palikuwa na kivuli cha kijivu, mahali pa jina hapakuwa na kitu.

"Hapa hakuna mutu," alisema, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu.

Godefroid alikuwa kwenye banda lake la ufundi mbele ya nyumba, anaziba mpira. Alikalia lile sanduku la mbao la wanawake, lisilo na kazi tena, kufuli zimetolewa. Albertine alisimama.

"Baba Princesse."

"Shika huu." Alimpa mpira wa ndani. Albertine akachuchumaa, akauzamisha kwenye beseni la maji, akautafutia mapovu huku akimweleza. Alieleza yote: kode, majaribio matatu, kaunta. Godefroid alisikiliza mpaka mwisho, akapaka gundi, akaipuliza ikauke.

"Kwa hiyo leo munanitafuta."

"Mutoto wako amelala chini siku kumi na tatu."

"Siku ile muliniweka katikati ya wanamuke, muliniapisha. Mutu mukubwa kama mie. Muliniweka kama mwizi aliyeshikwa na mbuzi. Watoto wa jirani waliona."

"Tulikupa kuku."

"Kuku moja."

Povu lilitokea kwenye mpira, Albertine akaweka kidole juu yake ili asilipoteze tundu.

"Na Princesse," Godefroid aliendelea, "leo ni mutoto wangu. Alipotoka na Yannick alikuwa wa nani? Nilisema nini mie? Nilisema mwenye mimba alipe."

"Feza ya kulipa ni yangu. Sikuombi franka. Naomba tu uje na karte."

"Naomba, njo neno hilo." Alisema polepole, kama anayeonja chumvi. "Sema vizuri."

Akapiga magoti. Huku kwetu mwanamke hupiga magoti akimpa bwana wake maji ya kunawa, si ajabu. Lakini hakukuwa na maji, na wateja wawili walikuwa wakingoja baiskeli zao.

"Nakuomba, Baba Princesse."

"Siku ya kwanza nitakwenda. Kesho nina kazi, kesho kutwa ni Posho, halafu Siku ya Mungu. Na koti langu lifuliwe."

Siku nne, Ijumaa mpaka Jumatatu. Elfu ishirini. Albertine aliinuka, akalitoa lile koti la kijivu la Kisangani, akalifua kwa sabuni yake.

Jumatatu, kaunta, Godefroid alipewa kiti. Nicole alimwita Papa, akapiga nakala ya kadi yake, akampa simu. "Uchague namba ine, Papa. Usimuonyeshe mutu."

"Nimuonyeshe nani?" Godefroid alisema, akajigeuza na kiti chake. Kwa mazoea Albertine naye alijigeuza ili atazame mtoni, lakini pale hakuna mto, kuna ukuta na tangazo la mwanamke anayecheka na simu. Akatazama ukuta.

"Tukifika nyumbani tutaigawa tena kama mbele," alisema kwa sauti ndogo.

"Tutaona."

Walitoa laki nne na elfu hamsini, Godefroid akazihesabu mara mbili mbele ya watu. Hospitalini alimlipa karani yule yule laki nne na elfu kumi. Karani alisimama. Akaandika risiti kwa herufi kubwa: imelipwa na Godefroid, baba wa mgonjwa. Ile elfu arobaini iliyobaki iliingia mfuko wa koti, na Albertine hakuiona tena.

Barazani habari zilimtangulia. Wanawake sita wa kwenye mikeka walimpigia makofi. "Baba kama huyu, Mungu amubariki," mmoja alisema, na hakuwa anatania, alikuwa analia. Yeye mwenyewe alikuwa hapo wiki ya saba. Princesse alipiga magoti na kichanga mikononi, akaushika mkono wa baba yake akauweka kwenye paji la uso.

"Aksanti, Baba. Nilisema hautaniacha. Mama alisema nisikuhesabu, mie nilisema Baba atakuja."

"Mutoto ni mutoto," alisema Godefroid.

"Atachukua jina yako."

Albertine alikuwa amekwisha kubeba beseni la nguo kichwani. Katika laki tano na elfu ishirini za miaka yake mitatu ya mchele, zilibaki elfu sabini. Alitaka kusema. Alifungua mdomo kweli. Lakini mlinzi alikuwa anafungua lango, na mtoto alikuwa anatoka nje mara ya kwanza, na mtu gani ataanza kuzungumza habari ya pesa hapo? Alifunga mdomo. Mimi naona hapo ndipo alipokosea, lakini mimi sikuwa na beseni kichwani. Langoni mlinzi alimpigia Godefroid saluti.

Jumatano wanawake walikuja uani, wote ishirini na wanne waliobaki, na Sifa ndiye aliyesema.

"Shemeji, tunashukuru kwa kazi. Sasa utupatie simu tuweke kode yetu."

Godefroid alikuwa juu ya sanduku. Simu ilikuwa imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. "Hii simu, mbele ya serikali, ni ya nani?"

"Ulituapia."

"Niliapa nisiulize kode yenu. Sijauliza. Hii ni kode yangu."

Kelele zikaanza. Alizingoja ziishe, hakukasirika. Alisema yeye si mwizi, pesa yao iko, kila atakayetaka atapewa. Lakini kuchunga ni kazi. Mlinzi wa duka halipwi? Mara tatu kwa wiki atavuka na wenye shida, wanne wanne, maana kibanda cha pesa hakina noti nyingi. Kila mmoja atatoa elfu mbili na nauli yake ya mtumbwi. Nani mwingine Alunguli atafanya hivyo kwa elfu mbili?

"Twende kwa mukubwa wa mutaa," mmoja alisema.

"Muende. Atauliza namba ni ya nani."

Walimtazama Albertine. Albertine aliwatazama miguu. Mjukuu, Godefroid mdogo, alikuwa akilia ndani, na Princesse akimwimbia.

Sifa alimsogelea fundi mpaka karibu, akamwangalia kwa muda, yeye na kamba yake ya kiatu na mahali alipokaa. "Kizuizi kama hiki nilishapita," alisema. Halafu akamgeukia Albertine, na sauti yake haikupanda. "Lakini siku ile nilikuwa peke yangu, nyie wawili mulipita. Leo umetuleta wote."

Akaenda zake. Tangu hapo hakumwamkia.

Siku ya arobaini ya Geneviève walipika wali na samaki, wakaimba, shangazi wakafungua kasha. Vitenge vizuri, kama vilikuwapo, havikuonekana. Albertine aliitwa mwishoni akapewa kitenge cha buluu kilichopauka, kile ambacho marehemu alikuwa akijifunga sokoni.

Alikigundua nyumbani alipokuwa akikikunja. Kwenye pembe moja kulikuwa na mafundo mawili madogo, yamekazwa kwa meno. Alidhani ni pesa. Akafungua la kwanza kwa sindano: maharage matatu. Akafungua la pili: maharage matatu.

Alikaa chini. Walikuwa wamemtafutia vita, wakamtafutia watoto aliozaa, wakamtafutia watoto aliobaki nao. Hawakufikiri kwamba mwanamke huyu, alipoambiwa achague namba mbili za kuchunga mali yake, angewahesabu wao. Sifa, Albertine, na yeye mwenyewe. Halafu akarudia, asije akasahau. Na tangu siku ya mazishi wale shangazi walikuwa wameyakalia.

Asubuhi ya Jumatatu mstari ulifika barabarani. Albertine alihitaji elfu thelathini za kununulia mchele, akaenda moja kwa moja bandani kama mtu wa nyumbani.

"Mama Princesse," Godefroid alisema, mbele ya wote, "na wewe upange mustari. Sitaki waseme napendelea."

Alipanga. Wa mwisho mbele yake alikuwa Sifa, mgongo wake mwembamba ndani ya kanga ya kijani. Kisha Albertine alinyoosha mkono kando, akayatia maharage matatu kwenye kiganja cha mwenzake.

Sifa aliyatazama. "Za nini?"

"Ya Yaya. Tatu, halafu tatu tena. Ilikuwa pembeni ya kitenge."

Sifa aliyahesabu kwa kidole gumba, moja, mbili, tatu, midomo inatikisika kidogo. Albertine alingoja aseme kitu, hata tusi. Sifa alifunga kiganja. Kwa mkono mwingine alikuwa ameshika noti za elfu mbili, tayari zimekunjwa.

"Anayefuata," Godefroid aliita kutoka juu ya sanduku, na mstari ukasogea hatua moja, nao wakasogea.